Onset ya Mama

Jumanne, baada ya chakula cha jioni

Niliitikia kwa kichwa tu kama mtu aliyeelewa. Daktari pale Kitale alisema mama yuko kwa "onset" ya ugonjwa wa kusahau, na mimi nikasema asante.

Neno hilo lilinisumbua mpaka nyumbani Matisi. Nikamuuliza binti yangu Nekesa, aliyekuwa akiosha vyombo.

"Ni mwanzo, Mum."

Nikashusha pumzi. Nikamwambia basi Jumapili nitatangaza kanisani onset ya kwaya mpya.

Hakucheka. "Haitumiwi hivyo. Ni ya kitu kibaya kinachoanza na kitaendelea. Kama ugonjwa. Ama baridi kali." Akaacha sahani majini. "Kwani ni kukhu ameambiwa hivyo?"

Nikatoka kwenda kumtazama huyo kukhu, nyanya yake. Mama alikuwa sebuleni, amejifunga leso, ati anarudi Kamukuywa kufungia kuku. Hao kuku tuliwauza alipohamia kwangu.

Nikakaa karibu naye. Akauliza, "Daktari alisema nini?"

Nilitaka kumdanganya. Lakini alikuwa ananitazama machoni, yeye mwenyewe kabisa.

"Amesema utakuwa unasahau, mama. Imeshaanza."

Nikajuta kumwambia. Kisha akanishika mkono. "Basi niulize sasa, yale unataka kujua."

Maswali yote yakanitoroka. Nikamuuliza tu nilizaliwa saa ngapi.

"Alfajiri," akasema bila kufikiri. "Mvua ilikuwa inanyesha, na ulikataa kulia mpaka baba yako akaogopa."