Mtoto Mpole wa Ngamiani

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kozi imeanza. Uchunguzi wa watoto na vijana, ngazi ya juu — wiki sita. Darasani ni mimi na vijana kumi na tisa. Shikamoo zimenimaliza, kufika mchana nikawa naitikia kabla sijaamkiwa. Miaka ishirini na sita ya utabibu zahanatini Ushongo, leo nafundishwa kukaa sakafuni na mtoto. Kukaa nimekaa. Kuinuka, Lucas wa dawati langu kanishika kwapani.

Mwalimu wetu, Dokta Queen, umri wa binti yangu. Anasema mzazi akisema mwanawe ana jambo, andika kwanza, kubishana baadaye. Nikaliandika hilo, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nimefikia kwa binti yangu Asmahani, hapa Ngamiani. Mumewe, Marwan, kanipa chumba cha mbele. Mjukuu wangu Shahd, mwaka na nusu, kanipokea kwa kuning'oa miwani.

Jumatano, 3 Septemba

Kazi ya nyumbani: kila mtu amchunguze mtoto mmoja mwenye afya, Jumatatu alete fomu. Wenzangu wanahangaika kutafuta watoto wa kuazima. Mimi ninaye, tena mpole kuliko wote mtaani. Lucas kasema napendelewa. Nikamwambia uzee una faida zake, si magoti tu.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi kwa jirani, mlango wa pili. Matari alasiri nzima, vikombe vinatetemeka kabatini. Shahd kalala mkekani fofofo. Wanawake wanapita kumtazama — mashallah, mtoto huyu hamsumbui mama yake. Nikavimba kichwa, nikasema ni damu ya babu yake. Asmahani hakucheka. Alimfunika miguu tu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefanya kazi ya nyumbani.

Kutembea — anatembea. Kuokota punje ya mahindi kwa vidole viwili — hodari. Kutazama uso, kucheka — mpaka nikasahau kuandika. Kisha sehemu ya kusikia. Nikakaa nyuma yake na kopo lenye mchele. Nikatikisa kulia. Kushoto. Yeye na mahindi yake. Nikamwita jina. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikaugonga kwa kijiko. Asmahani kule jikoni kauliza, "Baba, wavunja nini?" Huyu hapa mbele yangu hakugeuka.

Kivuli changu kilipomfikia ndipo akageuka, akacheka.

Alipoamka usingizi wa mchana nikarudia. Nikarudia tena.

Sasa naandika nisichotaka kukiandika. Idi ya Ramadhani, mwezi wa tatu, walikuja Ushongo. Asmahani alinifuata barazani, wageni wamejaa. Kasema, Baba, nikimwita haitiki. Nami nikasema: kakurithi wewe, ulikuwa ukiitwa kuosha vyombo unakuwa kiziwi. Baraza zima likacheka. Hodari wa kuchekesha, mimi. Sikumshika mtoto. Sikumtazama hata sikio. Asmahani naye akacheka, na hakuuliza tena. Miezi mitano.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilimfuata Dokta Queen kabla ya kipindi. Kasoma fomu yote. Kasema kopo la mchele si kipimo. Aende hospitali kubwa akapimwe kwa mashine, upesi. Huenda ni maji ndani ya sikio. Huenda siyo. Akauliza taratibu, mama yake hajawahi kusema lolote?

Nikasema alisema.

Kwa nani?

Lucas alikuwa anaingia. Nikajifanya natafuta miwani, nayo nimeivaa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia Asmahani. Alikuwa anakuna nazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kozi, yote yakanipotea. Nikasema, mwanangu, Shahd naona hasikii, nawe uliniambia, nikakucheka.

Hakuacha kukuna. "Najua, Baba."

Anajua siku nyingi. Siku hizi hamwiti. Anakanyaga sakafu kwa nguvu, mtoto anahisi, anageuka. Alidhani yeye ndiye mwenye roho mbaya, kumfikiria mwanawe hivyo, wakati baba yake tabibu kashasema hana kitu. Marwan akigusia, humjibu kwa maneno yangu. Yale yale ya barazani. Mpaka Marwan akawa anacheka naye.

Nikamwomba radhi. Kasema, "Yamekwisha, Baba. Hebu sogea, nachuja tui."

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi. Kipimo ni saa tatu. Nimeomba ruhusa darasani, nimepiga shati pasi, fomu iko kwenye bahasha. Asmahani kaja mlangoni, mtoto kiunoni. "Baba, wewe nenda zako darasani."

Nikasema madaktari wa kule nawafahamu, nitawaeleza vizuri.

Akatazama chini. "Ndiyo maana, Baba. Ukiwepo wewe, mimi siulizi."

Akaipokea bahasha kwa mikono miwili, kwa adabu, kama nilivyomlea.

Bado wako nje. Marwan kasahau alikoiweka kadi ya kliniki, anapekua mkoba. Namsikia Asmahani chini ya dirisha akimwambia mumewe maswali atakayouliza. Kama mtoto atakuja kusema. Kama kuna shule. Kama angepimwa mwezi wa tatu ingekuwa vingine. Ni mengi, wala hayasomi popote, yako kichwani. Baadhi yake majibu ninayo. Nimekaa kitandani, viatu miguuni, na Marwan naona kadi kaipata —