Jogoo Hufia Kushoto

Timbwani, Likoni
Jumapili, 12 Januari 2025

Mwanangu Jalila,

Assalaamu alaykum. Mimi ni mzima, isipokuwa lile goti la kulia unalolijua. Wewe je? Kikohozi cha viyoyozi vya hapo dukani kwenu Doha kimekwisha? Usinijibu "sijambo" tu, nieleze.

Maneno haya nimeyaandika kwanza daftarini, kama ada yangu, ndipo nikayachapa kwenye simu kwa kidole kimoja. Usinicheke nikichelewa.

Sasa, hii gemu yako. Uliondoka ukaniachia mashine, rimoti na kazi. Ulisema, "Baba, nishani ziko arubaini. Nimepata thelathini na nne, sita zimenishinda. Ukizimaliza kabla sijarudi likizo nakununulia saa." Nikadhani mchezo wa watoto: jogoo anatoroka jikoni kwa watu wa harusi, anavuka vyumba kumi na viwili, akishikwa anatumbukizwa kwenye sufuria ya pilau, tarumbeta inalia, anaanza tena chumba cha kwanza. Na kila akianza, vyumba vimeshachanganywa kama karata. Nilicheka wiki nzima. Sasa sicheki.

Unanijua, sifanyi jambo bila kuandika. Tangu tarehe mosi nimeandika kila kifo cha jogoo: chumba gani, nani kamshika, katokea wapi. Vifo sitini na vinne. Mbele, sita. Kulia, tisa. Kushoto, arubaini na tisa. Paka hutokea kushoto. Mpishi wa mwiko hutokea kushoto. Yule bibi wa fagio, wallahi, haji: hayupo, kisha yupo. Gemu ina hila, na nimefika mahali pa kuiogopa, mtu mzima wa miaka hamsini na sita.

Kazini nako hakujatulia. Ijumaa nimevunja kioo cha pembeni cha basi la shule, cha kushoto, kwenye nguzo ya kibanda pale Shika Adabu. Nguzo ile ina miaka pale. Mwalimu mkuu, Bi Gladys, hakunifokea, aliniangalia tu, na afadhali angenifokea. Wiki hiyohiyo, Mtongwe, baiskeli ilichipuka ubavuni kwangu kama uyoga. Swabra, yule dada anayewashusha watoto mlangoni, akapiga ukelele, "Baba Jalila, breki!" Nikakanyaga. Hakuna aliyeumia, lakini nilikwenda mwendo wa kobe mpaka mtaa wa Ujamaa. Watoto thelathini na mmoja, Jalila.

Ndiyo maana nikifika nyumbani namwasha jogoo. Afadhali aogope yeye.

Babako,
Hashim


Doha
Alhamisi, 16 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimekwenda, kimeniachia sauti ya chura. Jana mteja kaniita kaka. Goti ulikande kwa mafuta ya karafuu, si kwa maneno.

Sasa niache nikucheke. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua! Gemu haina hila. Maadui hutawanywa ovyo, nusu huku, nusu huku. Mimi nilikufa pande zote bila ubaguzi.

Ukitaka kuhakikisha, katika zile sita zilizobaki kuna nishani inaitwa Kioo. Ukiichagua, dunia nzima ya jogoo inageuzwa: aliyekuwa aje kushoto anatokea kulia. Kama waliotengeneza wamekufichia watu kushoto, basi watahamia kulia, na wewe utawaandika daftarini huko. Cheza hiyo kwanza, kisha uniombe radhi.

Pole kwa kioo cha basi. Shika Adabu pote pale, nguzo ndiyo imekosa adabu.

Mwanao,
Jalila


Timbwani
Jumapili, 26 Januari 2025

Mwanangu Jalila,

Assalaamu alaykum, na hiyo sauti ya chura iendelee, labda wateja watakuheshimu. Goti limekandwa.

Kioo nimeipata. Thelathini na tano! Lakini radhi siombi. Nimekufa mara thelathini kabla ya kuipata. Mbele, mara mbili. Kulia, nne. Kushoto, ishirini na nne. Hila haikuhama. Nimegeuza ulimwengu mzima na paka bado anatokea kushoto.

Nitakwambia jambo na usilicheke. Nadhani mashine hii inanitazama. Juzi nilisogeza kiti, hila ile ikanifuata. Jana nikakisogeza tena, ikanifuata tena. Mashine nimeifunika kwa leso ya marehemu mamako, na nikipita hapo sebuleni napita upesi.

Kesho naanza zamu saa kumi na mbili asubuhi.

Babako


Doha
Jumapili, 26 Januari, saa kumi jioni

Baba,

Leo sikuamkii, utanisamehe. Kesho usiendeshe basi.

Nilisoma maneno yako wakati wa mapumziko, nikacheka. Nikarudi kaunta, nikamhudumia mtu mmoja, kisha nikatoa simu nikayasoma tena. Paka wamegeuzwa. Vyumba vimegeuzwa. Wapishi wamegeuzwa. Ambaye hakugeuzwa ni wewe.

Kioo cha basi kilikuwa cha kushoto. Baiskeli ilitoka upande gani? Bibi Mwanatatu, mamako, alianza vivi hivi: kugonga mwimo wa mlango, kuweka kikombe nje ya meza. Sisi tukasema uzee, majirani wakasema kijicho. Mpaka anakufa alikuwa akitujua kwa kutupapasa nyuso.

Fanya hivi, maadamu kuna mwanga. Kaa mbele ya runinga. Ziba jicho la kulia kwa kiganja. Tazama katikati, jicho lisihame. Niandikie unachokiona kushoto.

Na mlango wa basi uko upande gani, Baba? Watoto wanashukia upande gani?

Mwanao


Doha
Alhamisi, 30 Januari, asubuhi

Baba,

Shikamoo. Leo siku ya nne. Maneno yangu umeyasoma, alama za buluu ninaziona. Simu hupokei. Ninayemtegemea kunipa habari zako ni jogoo: akaunti ni yangu, kila nishani unayopata hunilia kwenye simu. Jumatatu umepata moja. Jana mbili. Thelathini na nane. Wewe ukiogopa ndipo unapocheza. Kwa hiyo bado unaendesha.

Nimeiweka namba ya Bi Gladys mbele yangu. Nimeibonyeza nikaifuta, mara tatu. Nikimpigia, nimekutoa kazini kwa mkono wangu, mimi uliyenisomesha kwa usukani huo huo. Nisipompigia, kila simu ikilia nadhani ni habari ya mtoto wa mtu.

Usiniachie mimi kazi hii, Baba. Nakuomba. Nijibu kabla watoto hawajapanda kesho.

Jalila wako


Timbwani
Ijumaa, 31 Januari 2025

Mwanangu,

Usimpigie Bi Gladys. Nimeshakwenda mwenyewe. Niko salama wa mwili, na hakuna mtoto aliyeumia. Hilo nalitanguliza ili upumue.

Nakunakilia daftari kama lilivyo, kwa sababu kwa mdomo singeweza.

"Jumapili 26. Nimeziba jicho la kulia. Runinga naiona nusu. Kushoto hakuna giza. Lingekuwa giza ningeshtuka zamani. Hakuna kitu, basi. Mlango wa chumba cha Jalila haupo. Kalenda haipo. Nimeziba la kushoto: afadhali, ila upande wa puani pana pengo. Nimenawa uso, nimerudia. Ni vilevile.

"Jumatatu 27. Nimeendesha. Nimejiambia nitageuza shingo. Imebaki miaka minne nistaafu. Naogopa nyumba ya mtu mmoja asiye na pa kwenda asubuhi.

"Jumanne 28. Nimeendesha. Shingo inauma.

"Jumatano 29. Nimeendesha. Nishani mbili. Kwenye gemu nageuza shingo na nashinda, kwa hiyo na barabarani vilevile.

"Alhamisi 30. Mtongwe, saa tisa na nusu alasiri. Swabra kashusha wanne. Nimegeuza shingo, nimetazama kioo kipya, hapana mtu. Nimeachia breki. Swabra kapiga ubavu wa basi kwa viganja viwili: 'Simama! Simama! Mapenzi yuko chini!' Mapenzi wa darasa la kwanza, kainama mbele ya gurudumu la nyuma, anaokota kofia. Basi limesogea shubiri moja."

Daftari limeishia hapo. Jana sikuweza kuandika zaidi.

Nilizima injini. Mapenzi akainuka, akavaa kofia, akanipungia mkono. Hakujua kitu. Nikampa Swabra funguo. Akaniuliza, "Na hawa waliobaki?" Nikamwambia, "Kwa miguu." Akasema, "Baba Jalila, una nini?" Nikamweleza pale pale barabarani, na watoto wanasikiliza. Mmoja akaniuliza kama nitapewa miwani ya kuonea kushoto. Tuliwapeleka nyumba kwa nyumba. Niliwashika wote upande wa kulia.

Bi Gladys alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia sijui. Na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote, Jalila. Mimi ninayeandika kila kitu, hilo sijui.

Nisamehe zile siku nne.

Babako


Timbwani
Jumapili, 23 Februari 2025

Mwanangu Jalila,

Assalaamu alaykum. Vipi kazi, vipi usingizi? Juma lijalo Mungu akipenda tunaingia mfungo, usijichoshe.

Daktari amesema ni presha ya macho. Alinikalisha uso ndani ya bakuli jeupe, vitaa vidogo vikawa vinawaka huku na huku, nami nibonyeze kitufe kila ninapokiona kimoja. Mashine hulia kidogo kila inapobadilisha. Nikawa naisikia tik, tik, tik, na kidole changu hakina la kufanya. Sijawahi kuogopa sauti ndogo kama ile. La kushoto limekwenda karibu lote, la kulia limeanza. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa matone, kila jioni saa ile ile, maisha yangu yote. Akasema wengi hushindwa na utaratibu. Nikamwambia hapo amempata mtu wake. Na wewe nenda ukapimwe huko, amesema ni ugonjwa wa kurithiana.

Habari nyingine: jana nimemaliza. Arubaini kwa arubaini! Ya mwisho ilikuwa Bila Kuguswa. Nilikisogeza kiti mpaka runinga yote ikawa kuliani kwangu, kisha nikatulia. Jogoo kavuka vyumba kumi na viwili, hakuguswa hata unyoya. Machozi yalinitoka.

Na hapo ndipo ilipo hofu yangu, bora uijue. Leo baada ya adhuhuri kaja Lenox, tuliyeendesha naye zamani. Siku hizi ana gari la kuwachukua wafanyakazi wa hoteli za Diani, anataka dereva wa asubuhi. "Hashim, miaka thelathini hujamgonga hata kuku," ananiambia. "Jicho moja latosha. Na hawa ni watu wazima, wanajua kuruka." Nilitakiwa kukataa pale pale. Nikasema nitamjibu Jumanne. Kwa sababu nikikitazama kile kiti naambiwa na moyo: njia umeshaipata, hushikwi tena.

Babako


Doha
Jumatatu, 24 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Arubaini! Nimepiga kigelegele dukani na msimamizi kaniandikia onyo. Saa nimeshainunua. Kupimwa nitakwenda Alhamisi, nimeshaandikisha jina.

Kuhusu Lenox sikuombi. Nilikuomba mara moja ukaninyamazia siku nne, na bado sijazisahau. Nakuuliza tu: hiyo nishani ya mwisho, kabla hujaipata, jogoo aliguswa mara ngapi? Najua umeandika. Nijibu namba, basi.

Mwanao


Timbwani
Jumanne, 25 Februari 2025

Mwanangu Jalila,

Assalaamu alaykum. Mara mia moja na kumi na mbili. Sikuwa nimejumlisha mpaka ulipouliza.

Lenox kaja saa nne, chai ikiwa mezani. Nikamfungulia daftari, kurasa tisa. Akasema, "Hivi ni vifo vya nani?" Nikamwambia, vya jogoo. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwacha acheke.

Kisha nikamwambia, "Hizo zote ni baada ya kuujua ugonjwa. Nikiwa nimekaa kitini, hapana jua la machoni, hapana bodaboda. Mia moja na kumi na mbili, ndipo nikaipata hii moja."

Akarudi ukurasa wa kwanza. Akawa anahesabu kwa midomo. Akasimamisha kidole. "Hashim, kumi na saba siku moja?"

"Hiyo ilikuwa siku nzuri," nikamwambia.

Ameondoka hakumaliza chai, na hakuniuliza jibu langu.

Usidhani hofu imeniisha, mamangu. Shule imepata dereva mwingine. Alfajiri basi likipita hapa nje nalijua kwa mlio. Linasimama. Mlango unafunguka. Swabra anawaita majina. Mlango unafungwa, nami nimesimama dirishani, mkono kwenye nondo, sikio langu limo chini ya magurudumu yale. Likishaondoka na mtaa ukabaki kimya, ndipo narudi kukaa.

Alhamisi usikose. Ukitoka tu kwa daktari, niandikie.

Babako,
Hashim