Mafuta Yaliyoganda Nyahururu

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sina mwingine wa kumwambia haya.

Chupa yako imeganda.

Ile niliyoitoa kabatini mwako Mambrui baada ya matanga, mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe kabla hujaanza kuumwa. Nimeipakata safari nzima mpaka huku Nyahururu, mafuta maangavu kama maji. Leo asubuhi nataka kujipaka, nainamisha chupa, hayatoki. Meupe, magumu, kama mshumaa. Lahaula! Nilikaa sakafuni, Mama. Kwa sababu haya Bi Zuhura hakuyagusa.

Wakumbuka barua yangu? Mwaka jana, ule wa njaa na unga wa manjano wa msaada, mume wangu alipohamishiwa huku, wewe ulikuwa huwezi tena kukuna nazi. Bi Zuhura, shoga yako tangu chuo cha Kurani, akakupikia mafuta ukaniletea. Yalipofika yakaganda. Na mimi msomi wako nikashika kalamu: shoga yako kachanganya shahamu, na Mungu ndiye ajuaye ya mnyama gani. Chupa nikaitupa jalalani.

Nawe ukaniamini. Ukamwambia kwenye arusi moja ya hapo mtaani, mbele ya wanawake wote, "Zuhura, mwanangu wamlisha haramu?" Hamkusemezana tena mpaka umekufa.

Na nani aliyekuosha? Yeye. Aliingia bila kuitwa, akakunja mikono ya gauni, akakuosha huku analia. Mimi nilisimama mlangoni nimenuna. Nilimnunia, Mama! Yarabi nisamehe.

Nimeiweka chupa kando ya jiko. Yalianza kulainika pembeni, kisha kati, mpaka yakawa yale yale, na harufu yako ile ile. Kumbe ni baridi tu! Na kwetu tulikuwa tukiona, wallahi. Asubuhi za kusi yakifanya ukungu ulikuwa ukicheka, "Yamelala haya," ukayaanika juani. Baridi ya kwetu huyatia ukungu, ya huku huyafanya jiwe. Vipi mimi sikulifikiri hilo? Vipi nawe hukulikumbuka? Nadhani uliona mwanao kasoma, hawezi kukosea.

Arobaini yako ni Ijumaa. Nashuka kesho. Nilitaka niende na chupa nikawaonyeshe, halafu nikajicheka mwenyewe, maana kabla sijafika Mombasa yatakuwa yameshayeyuka. Sitakuwa na ushahidi wowote ila mdomo wangu.

Basi nitautumia huo. Khitima ikisha, nitasimama mbele ya wanawake wale wale niseme mzushi ni mimi, mafuta ya Bi Zuhura hayakuwa na doa. Wanitukane wakitaka. Naogopa, Mama, sikufichi. Naogopa Bi Zuhura asije akainuka akaenda zake.

Lala kwa amani, mamangu. Mbele ya Bi Zuhura nitapiga magoti, na radhi nitaiomba mara mbili. Kwa niaba yako kwanza, kisha yangu.

Mwanao