Mashavu Yaliyokudanganya

Mbarara, wodi ya watoto

Kaka yangu Melkiadi,

Nakusalimu kwanza, maana ndivyo tulivyolelewa. Mama anaendeleaje na miguu yake? Mvua imefika huko Makamba? Mimi ni mzima, ila nina hasira nawe. Nimeandika barua, nitaituma kwa simu, kwa sababu nikikupigia huwa unanikata maneno.

Mwanangu Divine amelazwa tena. Unajua mwili wake wenyewe unaziua chembe zinazozuia damu isitoke. Vidonge alivyopewa vilizipandisha, na yale madoa mekundu miguuni yakaisha. Lakini vilimvimbisha uso, na njaa ndiyo usiseme, anamaliza posho yake na yangu. Nikakutumia picha. Wewe ukampigia shemeji yako: "Mtoto amenona, amepona! Vidonge vya nini tena? Vitamuua." Yaani kuuza panadoli dukani miaka miwili kumekufanya daktari?

Na baba Divine akakubali. Kule Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, tunakula cha kupimiwa, mtu akipata mashavu majirani wanamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa Kabingo wiki nzima, nalima kibarua. Nikarudi nikamkuta mtoto amelegea, pua inatoka damu, nguo imelowa. Vidonge vimefichwa juu ya kabati. Nilipiga kelele nyingi mpaka majirani wakaja.

Halafu daktari akanigombeza mimi, kaka. Mimi! Akasema kweli vidonge vina madhara: uvimbe, sukari kupanda, magonjwa kuingia kirahisi. Ndiyo maana yeye anavipunguza polepole huku akipima damu. Kuvikata ghafla ni hatari, damu ingeweza kuvujia kichwani. Ungeniuliza tu, ningekueleza.

Wamemtundikia dawa kwa sindano na chembe zimeanza kupanda. Leo jioni anatakiwa kurudia vidonge, naye amefunga mdomo. "Mjomba alisema vitaniua." Nimebembeleza, nimemtisha, nimelia, wapi! Kwake neno lako ni kubwa kuliko la daktari, hata kuliko langu.

Msalimie mama, na wifi yangu Goreti, mkeo. Waambie wamwombee.

Mimi usiniombe msamaha, siutaki. Saa kumi nitakupigia, nitamwekea Divine simu sikioni. Sijawahi kukusikia ukisema umekosea, tangu tuzaliwe. Leo utamwambia mtoto: mjomba alikosea, meza.

Mdogo wako,
Espérance