Orodha ya Gari la Macho

4 Februari

Mwanangu Karani,

Salamu nyingi. Huku sijambo, na cherehani haijambo, ila mwenye cherehani ndiye anayesumbua kidogo. Wewe je? Unakula, au bado unashindia chai na kalamu?

Barua nampa dereva wa gari la dawa kama kawaida. Simu sitaki, simu ina haraka, inakatika kabla mtu hajafika kwenye neno lake.

Neno lenyewe ni macho. Juzi nimemshonea muuguzi wa zahanati yetu sare yenye mikono miwili, yote ya kushoto. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaacha kucheka, akanikalisha kitini na kunimulika. Nikamwambia jioni kichwa huniuma upande mmoja, na taa naiona imezungukwa na rangi. Basi akaniandika kwenye orodha ya lile gari la macho unalolipanga wewe huko hospitali kuu, na karatasi yake akaibana kwa pini. Usinipendelee. Nimekuambia tu ili ukiliona jina langu usishtuke.

Baba yako,
Fundi

17 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, na nakula. Ile sare imenichekesha peke yangu ofisini mpaka daktari wa macho akaja kuuliza kulikoni.

Jina nimeliona. Ila Baba, kanuni unaijua: jamaa wa mtumishi husubiri mpaka wengine waishe. Niliiandika mwenyewe. Mratibu aliyenitangulia alilijaza gari wakwe na mashemeji, hadi bibi mmoja akasimama ukumbini akauliza kama hospitali hii ya misaada, na zahanati zake zote kumi na moja, siku hizi ni mali ya ukoo. Sitaki kuulizwa swali lile hata siku moja. Kila mwezi zahanati moja ina nafasi kumi na tano, kwa hiyo nimekushusha chini, utafikiwa Mei. Kwa umri wako huyo ni mtoto wa jicho tu. Hana haraka, hata akichelewa hutolewa, mtu akaona vizuri. Nivumilie.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu Karani,

Hujambo? Mimi naendelea. Usishangae maandishi kuwa makubwa, nimeamua kuandika kama mheshimiwa.

Gari lilikuja Machi, likaja na jana. Mara zote mbili nimewashikia watu mlango. Jirani yangu muuza mkaa ameshasafishwa jicho, na la kwanza aliloliona ni doa kwenye shati langu. Siku hizi mteja akileta suruali namkabidhi kwanza sindano anitungie uzi. Jicho la kushoto ni kama nachungulia kupitia tundu la kifungo.

Lakini silalamiki. Pale kwenye foleni niliwaambia, "Anayepanga orodha ni mwanangu, na mimi ni wa mwisho." Watu wote waligeuka kunitazama. Mmoja akanipisha kwenye benchi. Nakiri, ile heshima ilinipendeza sana.

Baba yako,
Fundi

28 Mei

Shikamoo Baba,

Sijui nianzie wapi. Sikuulizi hali, maana hali yako ninayo hapa mezani.

Daktari aliporudi kutoka kwenu aliniita akafunga mlango. Si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho, na ilichokula hakirudi. Akaniuliza nani alimweka mgonjwa huyu chini. Nikasema ni mimi.

Ndipo nilipoitoa karatasi ya muuguzi. "Maumivu. Rangi kuzunguka taa. Huyu asisubiri." Imekaa kwenye faili langu tangu Februari na pini yake. Karatasi za wagonjwa wote huwa nazisoma, Baba. Za jamaa nilikuwa sizisomi, kwa makusudi, nisije nikalegea. Nilijiona mwadilifu.

Na wewe ulikuwa umeniandikia mambo yote kwa mkono wako. Hilo tundu la kifungo, mtu yeyote wa idara hii angeshtuka akilisoma. Mimi nilicheka, nikaikunja barua, na hata kuijibu sikuijibu.

Ungekuwa baba wa mtu mwingine, ungekuwa unaona. Nisamehe.

Binti yako

19 Juni

Mwanangu Karani,

Maneno ni yangu, mkono ni wa muuguzi. Ndiye pia anayenisomea barua zako, kwa hiyo punguza za kuliza. Juzi alilia yeye, nikabaki kumbembeleza mimi.

Jicho la kushoto limefunga duka. La kulia bado linaliona dirisha, na matone tunayaweka kila siku ili lisipotee na hilo. Cherehani nimeifunika shuka. Nikipita nagonga gurudumu lake, lijue nipo.

Ulikosea. Sitasema hukukosea, utajua nakudanganya. Na mimi nilikosea: nilipenda kusifiwa kwenye foleni kuliko kusema naumwa. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu nilikuwa namtaka, lakini si wa aina hii.

Sasa nina ombi. Kwenye orodha ya Julai, mstari wa mwisho kabisa, yupo mama yake dereva wetu wa gari la dawa. Muuguzi anasema naye amebaniwa karatasi. Isome.

Baba yako

24 Juni

Shikamoo Baba,

Nimeisoma. Kisha nimesoma za wote, jamaa na wasio jamaa. Mama wa dereva hasubiri hata Julai, analetwa hospitali kuu kesho. Kanuni yangu nimeifuta. Yule bibi akisimama tena ukumbini, nitasimama nimjibu.

Barua hii sikumpa dereva. Nimepanda gari pamoja naye, nayo iko mkobani. Muuguzi apumzike, anayekusomea sasa ni mimi, nimekaa hapa karibu na cherehani.

Kuna neno nililotaka liwe la mwisho. Nimeliandika mara nne na kulifuta mara nne, kwa hiyo hapa karatasi ni nyeupe. Nikifika hapa nikanyamaza, Baba, nipe mkono wako.

Karani wako