Mtani Wangu wa Mtaa wa Sikukuu

Mpendwa mtani wangu Zarina,

Binti yako amenipigia simu jana. Amesema wamekuzika vizuri, kimyakimya, huko kwenye baridi. Nikamuuliza, "Kuna aliyemtania mama yako?" Maskini, hakunielewa. Nikalia mpaka simu ikakatika.

Angeelewaje? Utani tulikufundisha sisi, barazani pa duka la baba yenu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ambako baba yangu alikuwa fundi cherehani. Ulitusikia Wangoni tukirushiana maneno na watani zetu, ukanuna: "Mbona mimi hamnitanii?" Haya, tukakutania. Nawe ukanigeukia: "Mngoni gani anakimbia mende!" Tangu siku hiyo sikupumua.

Baba alipofariki, watani walikuja msibani Ilala kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke, kama ilivyo desturi yetu. Nawe ukaingia, kofia yake kichwani, tepu yake ya kupimia shingoni, ukamfokea mama kwa sauti ya baba, kana kwamba ni mteja wake: "Njoo kesho, mama! Nguo yako kesho!" Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Shangazi akasema, "Huyu ni wetu."

Ndiyo maana siku ile ya chuoni bado inaniuma. Wanafunzi tulikuwa tunaandaa maandamano ya kwenda Mnazi Mmoja, kuwaunga mkono ndugu zetu wa kusini mwa Afrika waliokuwa wakipigania uhuru. Bango ulilishona wewe, kwa kitambaa cha dukani kwenu, kwenye cherehani ya marehemu baba. Mkutanoni mwenzetu mmoja akasimama. "Mhindi hawezi kutubebea bango. Arudi kwao!"

Ukacheka! Ulidhani ni utani. Ukamrudishia papo hapo: "Nirudi kwetu? Kwetu Mtaa wa Sikukuu! Wewe ndiye uliyeshuka kwenye basi juzi na mkungu wa ndizi!"

Hakuna aliyecheka. Kule nyuma wakaanza kupiga makofi, wakimpigia yeye. Ukanigeukia, tabasamu bado liko usoni. "Kwani huyu si mtani?"

"Si mtani, Zarina."

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Nilisimama nikawaambia kama wewe hubebi, na mimi sibebi. Wakasema sawa. Tukaliangalia bango letu likipita Mnazi Mmoja, sisi tumesimama kando na wapita njia, wao wakiimba ubaguzi ukome. Jamani! Hasira ile ninayo mpaka leo.

Baada ya hapo hukunitania tena. Nikikuchokoza, unatabasamu kwa adabu, kama mgeni. Mwaka haukuisha, baba yenu akafunga duka, mkahama nchi. Kwenye uwanja wa ndege nilijaribu mara ya mwisho: "Haya, na mende nani atanifukuzia?" Ukanikumbatia, hukujibu. Miaka yote hii nimekuwa nangoja jibu lako.

Leo asubuhi nimefanya kazi ya mtani. Nimeburuta ndala kama wewe, nikasukuma miwani juu ya pua kwa kidole kama wewe, nikasimama sebuleni nikasema kwa sauti yako: "Nirudi kwetu? Kwetu Mtaa wa Sikukuu!" Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Rudi kwenu, mwenzangu. Rudi unijibu.

Mtani wako,
Mngoni anayekimbia mende