Keremkerem wa Shimo la Choo

Jumatatu, 3 Septemba 1951

Baba mdogo hakuchimba leo pia. Mgongo. Lakini bao alicheza kutwa, na bao huchezwa kwa kuinama. Shimo la choo liko palepale lilipoachwa mwezi wa saba, usawa wa kifua chake. Ni mtu mfupi.

Bwana afya alipita na fimbo yake ya kupimia. Akaitumbukiza shimoni, akatikisa kichwa, akasema choo kisipokuwa tayari mwisho wa Oktoba kiwanja atapewa mtu mwingine. Mama akajibu, "Ndiyo, bwana," mara nyingi mno. Tangu Baba afariki hatuna pengine pa kwenda ila kurudi Upare, tukalale jikoni kwa shangazi.

Nilimtazama soksi. Zimevutwa mpaka chini ya magoti, kama za mtoto siku ya kwanza ya shule. Anaitwa Anselmi. Kijana mtupu, na anazungumza kama ameizaa serikali.

Jumamosi, 8 Septemba

Kuna ndege wawili shimoni. Wanachimba.

Nilikuwa naanika nguo. Mmoja akatua kwenye kamba, karibu kuliko ndege wa kawaida anavyothubutu. Mgongo kijani, koo njano kama papai lililoiva, chini ya koo ukosi mweusi. Kifua rangi ya mdalasini. Jicho jekundu, na mstari mweusi umelipitia kama wanja uliopakwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Mdomo mrefu, mwembamba, umepinda kidogo kuelekea chini.

Wametoboa ukuta wa shimo upande wa mashariki, kina cha mkono wangu kutoka juu. Anaingia mmoja, mchanga unaruka nje kwa miguu yake, anatoka, anaingia mwenzake. Hakuna anayelalamika mgongo.

Mama Zuhura, jirani yetu, aliniona nimelala kifudifudi pembeni ya shimo. "Mwalimu! Umedondosha pete, au unachagua pa kukaa?" Akacheka peke yake. Halafu akanipa jina lao: keremkerem, walao nyuki. Shuleni kwa masista tulichora ndege wa Uingereza mwenye kifua chekundu, mwaka mzima, ndege ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Huyu hakutajwa.

Jumapili, 16 Septemba

Mahubiri marefu, matupu. Nilirudi mbio.

Mikorosho bado ina maua na nyuki ni wengi. Ndege hakai mahali pa ovyo. Ana sehemu yake moja kwenye kamba. Anatazama. Anaruka, mdomo unalia *tap*, anarudi palepale. Nyuki anagongwa kwenye kamba mara kadhaa mpaka atulie. Kisha ndege anamgeuza na kumsugua mkia kambani ili mwiba na sumu vitoke, na wakati huo anafumba macho. Ndipo anameza.

Leo dume hakumeza. Alimsafisha nyuki vizuri, akasogea pembeni kwa jike, akampa. Jike akapokea bila shukrani. Nilipenda hilo.

Walimu wenzangu wanazungumza juu ya vitambaa na waume. Siwasikilizi tena.

Alhamisi, 27 Septemba

Aibu. Tangu Juni namsema Baba mdogo achimbe. Leo, kwa kuwa Mama alilia mbele yake, ameamka na nguvu mpya. Nimeficha sururu chini ya kitanda changu.

"Sururu imeibwa," alitangaza, na furaha ilimtoka kama jasho. Akaenda kwenye bao.

Jike haonekani sana sasa. Anaatamia. Hakubeba hata jani moja kuingiza humo. Mayai yamelala juu ya mchanga mtupu, nina hakika.

Nikamwambia Mama kweli. "Ndege au nyumba, mwanangu. Kipi?" Swali la kipumbavu. Nililidharau usiku kucha.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimefanya jambo baya. Nimemwomba bwana afya.

Alikuwa nje ya kanisa, baiskeli inang'aa, helmeti mkononi. Nikamwambia tunahitaji muda zaidi, mpaka katikati ya Novemba.

"Kuna shida gani, Bibi Agnesi?"

"Mambo ya nyumbani."

Ningemwambia habari za ndege, angecheka. Au angewaingiza katika hesabu yake pamoja na panya na mende. Mtu wa dawa ya kunyunyizia ataelewa nini? Uso ukamlegea kwa huruma. Alidhani hatuna chakula. Akasema sawa, kwa neno lake, mpaka tarehe kumi na tano Novemba. Akaniomba Jumapili ijayo tunywe chai. Nikakubali. Nilijisikia kama niliyeuza kitu sokoni kwa bei ya hasara.

Jumapili, 14 Oktoba

Chai. Mkahawa wa Mhindi, barabara ya Kilwa. Alikula keki mbili na kuzungumza juu ya nzi.

Nzi! Wapi hutaga, funza hukaa siku ngapi, miguu yao ina vinyweleo vya namna gani. Macho yalimwaka. Alichora mguu wa nzi mezani kwa kidole kilicholowa chai. Nilipiga miayo mara mbili na sikuificha ya pili. Akaufuta mguu kwa kiganja, akalipa, akanipa kopo la biskuti kwa ajili ya Mama.

Mama amefurahi kuliko Krismasi. "Kijana mstaarabu." Anapima wajukuu kwa macho.

Makinda wametoka. Sijawaona, nimewasikia: mlio mwembamba ndani ya ukuta, kama mtu anayesugua kioo. Wazazi wanaingia na nyuki, mavu, kumbikumbi, kereng'ende mmoja mwenye mabawa yanayong'aa. Tundu linanuka sasa. Mabaki ya wadudu, kinyesi, vyote humohumo. Ndege wazuri kuliko wote wa Temeke, na wamejenga choo ndani ya choo. Siwadharau kwa hilo. Ajabu.

Alhamisi, 18 Oktoba

Bwana afya alipita tena, eti njiani. Hakuna njia inayopita kwetu. Alisimama kwenye ua na kutazama shimo, kisha akanitazama mimi, kisha shimo. "Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Litakwisha."

Nilimjibu kwamba sina wasiwasi. Nilirudi kusahihisha madaftari kabla hajapanda baiskeli.

Jumatano, 24 Oktoba

Nimerudi kutoka shule na shimo halipo.

Bwana afya aliwatuma vibarua wanne asubuhi. Walishusha shimo mpaka kina kinachotakiwa, wakalaza boriti juu, wakashindilia udongo, na katikati wakaweka bamba la saruji lenye tundu na kifuniko. Zawadi. Mama alikuwa amewapikia chai na maandazi. Baba mdogo alikuwa akieleza mtaa mzima jinsi alivyowasimamia.

Keremkerem wawili walikuwa kwenye kamba. Dume alikuwa na nyuki mdomoni, amekwisha kumgonga, amekwisha kumsugua. Hana pa kumpeleka. Aliruka mpaka juu ya udongo, akazunguka, akarudi kambani. Tena. Tena. Na chini ya miguu yangu nilisikia kioo kinasuguliwa.

Nilichukua jembe. Nikafukua upande wa mashariki. Mama akapiga kelele, "Agnesi! Umerogwa?" Mama Zuhura akaja uani, akaita watoto wake waje waone mwalimu anabomoa choo. Niling'oa boriti moja. Ya pili ilinishinda.

Ndipo kengele ya baiskeli ikalia. Alikuja kushukuriwa. Kaptula imenyooka, na safari hii amepaka mafuta nywele.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo, gauni la shule limechafuka, kucha zinatoka damu.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Kuna ndege."

Alidhani hakunisikia vizuri. Kisha yeye mwenyewe akasikia. Akainama, akatega sikio juu ya udongo, muda mrefu. Akamwona dume kambani.

"*Merops*," alisema, polepole, kama mtu anayetaja jina la rafiki. Nilikuwa sijui jina hilo lao la kitaalamu. "Makinda wana umri gani?"

"Siku kumi hivi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hilo sikulijibu. Jibu nililijua. Nafikiri na yeye alilijua, maana alinitazama kidogo, halafu akalitazama bonge la udongo mikononi mwangu, na uso ukafunga.

Akavua helmeti, akaiweka chini. Akaing'oa boriti ya pili, akaisogeza ya tatu, akaacha uwazi upande wa tundu la ndege tu, na juu yake akainamisha kipande cha bati ili mvua isiingie. Alifanya haraka, vizuri. Soksi zilijaa udongo.

"Tarehe kumi na tano," akamwambia Mama, si mimi. "Kisha mfunike."

Akaondoka. Dume aliingia kabla vumbi la baiskeli halijatua.

Jumatatu, 29 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati limeshika.

Nimelala siku tano na hasira bila kujua ya nani. Nimejaribu kuzicheka soksi zake, mafuta ya nywele, mguu wa nzi mezani. Havinichekeshi tena. Biskuti zimebaki nne. Mimi sizili.

Jumamosi, 3 Novemba

Watatu. Wamekaa kwenye kamba wamebanana, bega kwa bega, wote wametazama upande mmoja. Rangi zao bado hafifu, hawana ukosi mweusi. Mama yao akileta mdudu wote watatu wanafumbua midomo kwa mpigo.

Mama alikuja kusimama nami. Alikuwa ameshika nguo mbichi na hakuzianika.

Jumapili, 11 Novemba

Jana Baba mdogo alizirudisha boriti na udongo kwa mikono yake mwenyewe. Mgongo umepona. Choo kiko tayari na kiwanja ni chetu.

Baada ya ibada bwana afya alipita kwa baiskeli. Aliwapigia wengine kengele. Kwangu aliinua helmeti, bila kupunguza mwendo. Nilikuwa nimeandaa neno tangu Ijumaa. Nilipofumbua mdomo alikuwa amekwisha kupita kona.

Simpendi. Hilo ni kweli na nitaliandika hivyohivyo. Lakini alikuja amebeba kitu, kama dume yule na nyuki wake, na mimi ndiye niliyemzibia mlango.

Mchana makinda walirudi kwenye kamba. Nguo nimezianika kwa Mama Zuhura.